Nimesoma mazingira, nipo Uyole, nataka masta nje. Ejenti anadai laki nane

Loleza Juu: Wakuu kwema? Nimemaliza digrii ya mazingira mwaka jana, kazi bado, najitolea tu. Nataka Ujerumani au Uholanzi. Kuna ejenti hapa mjini anataka laki nane ya kuanzia eti atanitafutia chuo na skolashipu vyote, mzee keshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe. Halafu kule si watanifundisha mambo ya kwao tu?

Mtu wa Makambako: Mdogo wangu mwambie mzee ng'ombe abaki zizini. Skolashipu za DAAD (shirika la Ujerumani), Chevening (ya serikali ya Uingereza) na Erasmus Mundus (ya Umoja wa Ulaya), zote kuomba ni bure. Ila Chevening na zile kozi za EPOS za DAAD, yaani masta za mambo ya maendeleo, wanataka miaka miwili ya kazi. Chevening wanahesabu mpaka kujitolea, jumla saa 2,800, kwa hiyo hapo ulipo omba barua yenye tarehe. Erasmus Mundus nyingi haziulizi kazi, madirisha mengi ni Oktoba hadi Januari, na unasoma nchi mbili au zaidi.

Dada Vinyungu: Mimi nimesoma Uholanzi. Barua zetu nyingi za kuombea skolashipu zinaanza "mabadiliko ya tabianchi ni janga la dunia", wanaochagua wameshasoma hizo mia kabla ya chai. Wewe bonde la Usangu lipo hapo chini yako!! Andika mto Ruaha Mkuu ulivyokuwa unatiririka mwaka mzima na tangu 1993 unakauka kiangazi, maji ya ardhioevu ya Ihefu yakishuka hayavuki Ng'iriama, pale mto unapotokea, huku mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayasubiri kwa umeme. Mkulima wa mpunga atakwambia ni ng'ombe, mfugaji atakwambia ni mifereji, wafugaji wakahamishwa 2006, 2008 Usangu ikaingizwa hifadhi ya Ruaha na mto bado ukawa unakauka. Hilo ndo swali la masta. Na mambo ya kwao yanafaa bwana, Waholanzi wanasukuma maji kwa pampu yatoke, sisi tunagombania yafike, lakini nani apate kiasi gani na nani alipe ni ugomvi uleule.

Baridi ya Makete: Ujerumani ukijilipia, ubalozi unataka akaunti maalumu yenye yuro 11,904 za mwaka mzima. Laki nane ya ejenti haigusi hata mwezi 😂

Loleza Juu: Duh. Dada, nikitaka kujitolea kwenye mambo ya maji niende wapi?

Dada Vinyungu: Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, makao yao Iringa. Barua peleka mwenyewe kwa mkono, ukituma tu imeili utasubiri.