Jaketi, bamba la stenlesi au bamba la alumini? Naomba ulinganisho kwa anayeongoza wageni

Mbizi Nungwi
Habari za kazi wakuu. Mwaka wa nne huu naongoza wageni kuzamia kisiwani Mnemba kwa jaketi la kuazima, yaani kizibao cha mzamiaji kinachojazwa hewa ili aelee. Nimeweka akiba, nataka kununua changu. Njia ni tatu: jaketi jipya, au bawa (mfuko wa hewa unaokaa nyuma tu) lenye bamba la stenlesi mgongoni la kushikia mtungi, au bawa hilohilo na bamba la alumini.

Mtungi ni wa alumini, lita 11. Suti milimita 3. Mwili kilo 68, mkanda wa risasi (vipande vya madini ya kunizamisha) kilo 5. Msimu ukichanganya nashuka mara tatu kwa siku. Jaketi nililonalo likijaa hewa hunibana mbavu, na chini ya maji hunisimamisha: kichwa juu, miguu chini, fini (mapezi ya miguuni) zinagusa matumbawe mbele ya wageni niliotoka kuwaambia wasiguse. Hilo linaniuma kuliko mbavu. Kuanzia Oktoba huwa nahamia Mafia kwenye papa potwe.

Wete Chini
Kaka, chukua stenlesi. Miguu yako inashuka kwa sababu mapafu yanaelea kifuani na risasi zote umezifunga kiunoni. Bamba linapeleka uzito mgongoni, usawa wa mapafu, mwili unalala wenyewe. Na kwa sababu bawa liko nyuma, likijaa halibani kifua.

Piga hesabu. Mtungi wako ukibaki na hewa ya shinikizo la bar 50, mwisho wa mbizi, unaelea kwa kilo moja na kitu. Suti ya milimita 3 inaelea kilo 2 hivi. Sponji za jaketi nazo zinaelea, nyingine hadi kilo nzima, yaani unabeba risasi ya kuzamisha jaketi lenyewe! Bamba la stenlesi lina kilo 2.5 hadi 3. Mimi nilitoka kilo 5 za risasi nikaja kilo 2, na kwenye kuta za Pemba mkondo ukivuta nauona utulivu wake.

Bawa usinunue kubwa. Kwa mtungi mmoja, lenye nguvu ya kuinua kilo 14 hadi 18 linatosha kabisa. Kubwa zaidi linapepea pembeni na hewa inajificha kwenye mikunjo.

Daivumasta Diani
Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na jibu. Huyu ndugu anaongoza wageni. Wangapi hapa wamefika mita 5 kwenye kituo cha dakika tatu cha usalama kabla ya kutoka majini, mitungi imekuwa myepesi, mgeni mmoja akaanza kupanda kama puto? Unampa kilo moja kutoka kwako, anatulia. Bamba huwezi kumfungulia mtu mgongoni ukampa.

Kwangu ni alumini, karibu kilo 0.9. Risasi zangu nyingine nimezitia kwenye vimfuko viwili juu ya mkanda wa mtungi, usawa wa mabega, kwa hiyo ninalala sawa na mwenye stenlesi. Zilizobaki ziko kiunoni, vipande vya kilo mojamoja.

Wete Chini
Risasi ya mgeni ni ya ziada kwa bamba lolote, ndugu yangu. Hata mwenye stenlesi anaweza kuongeza kilo moja mkandani.

Daivumasta Diani
Kwa mgeni mmoja, sawa. Siku ya wageni wanne, wawili wao mara yao ya kwanza baharini baada ya bwawa, nataka uzito wangu uwe wa kuvunjika vipandevipande.

Bi Chole
Kaka wa Nungwi, umetaja Mafia. Ndege ndogo za huku kawaida ni kilo 15 na mkoba humohumo. Stenlesi, regyuleta ya kupumulia, fini na suti, nguo utavaa zipi? Kama unapita Nyamisati kwa boti uzito si hoja. Kingine: mkanda wa bamba ni kipande kimoja kisichokatika, hauna vifungo vya mabegani kama jaketi. Boti zetu nyingi unavulia vifaa majini, nahodha anavivuta juu. Tia hewa kidogo, ukiwa umeshika kamba ya boti fungua kiuno, mkanda wa mapajani unaanguka wenyewe, kisha toa mkono wa kulia kwanza na uzungushe bawa upande wa kushoto, maana bomba la kujazia hewa liko kushoto. Lifanyie mazoezi maji ya kina kifupi kabla ya kwenda mlango wa bahari wa Kinasi, huku Mafia, siku za bamvua.

Pia ukiwa juu usilijaze bawa mpaka likaze. Litakusukuma uso kwenye maji. Weka hewa ya kutosha kidevu kutoka, lala chali kidogo.

Maskati
Salaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat. Huku chini maji hubadilika ghafla yakawa baridi, navaa milimita 5, na stenlesi inanifaa sana. Lakini tahadhari: suti inasinyaa kwa shinikizo. Mita 30 ile nguvu ya kuelea imebaki kidogo mno, na mzigo wa chuma uko palepale. Ukipasukiwa bawa, unaweza kupanda kwa fini peke yake? Jaribu kwa mtungi uliojaa, ukiwa na mwenzako. Na ukija kuzamia kwa mtungi wa chuma, ambao mara nyingi huzama hata ukiwa mtupu, usiuunganishe na bamba la stenlesi kwa suti nyembamba. Hutabaki na risasi ya kutupa siku ya dharura.

Mbizi Nungwi
Ahsanteni sana. Jaketi nimelifuta. Jana mwenzangu kaniazima bamba la alumini na bawa la kilo 14, nikashuka mita 4 mbele ya gati na mtungi uliobaki bar 50. Kilo 3 zilinituliza: mbili kwenye vimfuko vya mtungi, moja kiunoni. Ya nne nimeitundika kwa klipu, hiyo ni ya mgeni. Nilikaa dakika kumi juu ya mchanga bila kupiga fini, miguu haikushuka. Kaka wa Wete, hesabu yako ya sponji za jaketi ndiyo iliyonifumbua.

Kuvua majini nimekosea mara mbili, ya tatu imekubali, Bi Chole.

Naagiza alumini. Linalonisumbua ni mikanda: ngumi yangu inapita kwa shida chini ya mkanda wa bega, na wa mapajani umezidi vidole vinne. Niukate sasa na kuchoma ncha kwa moto usifumuke, au nisubiri mpaka nizamie mara kadhaa?

Daivumasta Diani
Subiri mbizi kumi. Mkanda ukishakatwa haurudi. Kwa sasa ukunje, ufunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Na mabega legeza kidogo, ngumi ipite bila kusukuma, la sivyo hutatoa mkono.