Mrejesho: Dalali aliyetaka mkataba wa mwaka mzima

Ndugu zangu, miezi 5 iliyopita niliwaomba ushauri kuhusu dalali aliyetaka awe peke yake katika kuuza nyumba yetu kwa mwaka mzima, huku akidai kamisheni hata kama mnunuzi ningempata mwenyewe. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kufupisha muda uwe miezi 3 na kuandika wazi kwamba kamisheni italipwa siku mauzo yatakapokamilika, wala si siku ya kupokea malipo ya awali. Dalali aliyakubali yote mawili, na kile kifungu cha mnunuzi wangu mwenyewe alikikata kwa kalamu mbele ya macho yangu, kisha sote wawili tukatia saini pembeni. Kiwango cha kamisheni, hata hivyo, hakukipunguza hata kidogo.

Nilipokosea ni kwenye bei. Mlinisihi nimdai dalali bei halisi za nyumba zinazofanana na yetu zilizokwisha kuuzwa karibuni, si zile zilizotangazwa tu. Nami nikashikilia bei niliyoitamani, na wiki 6 zikapita bila ofa yoyote. Nilipoziona bei hizo na kushusha yetu, wanunuzi 2 walijitokeza ndani ya siku 10. Mmoja alikuja na fundi, ambaye alikuta unyevu ukutani nyuma ya kabati la jikoni, ikabidi tupunguze tena. Huyo ndiye aliyenunua. Mauzo yalikamilika wiki iliyopita, na kamisheni nikailipa siku hiyohiyo.