Barakoa imegeuka tiketi ya getini, ndoo haina maji. Tunamdanganya nani?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiruka hatua.

Jumanne hii ya Agosti 2021 nilimpeleka mama kliniki ya presha kwenye hospitali moja hapa Dar. Jina siliweki, sitaki mama akaonewe kwa sababu ya mdomo wangu. Mama ana miaka 71, presha anayo na sukari anayo, yaani ndiye yule hasa tunayeambiwa kila siku kwenye redio tumkinge na corona. Tumefika saa moja kasoro asubuhi, foleni ishafika kwenye vibanda vya supu.

Getini kuna mlinzi mwenye neno moja tu: "Barakoa." Yake iko kidevuni, imeshika ndevu. Ukiwa na kitu chochote chenye kamba mbili masikioni unapita. Umeivaaje, hajali. Umeitoa wapi, ndiyo hajali kabisa.

Mbele yetu kulikuwa na jamaa wa makamo hana barakoa. Pembeni dogo anauza zile za bluu, jero moja. Jamaa kapapasa mfuko, kaguna. Mara dada mmoja anatoka ndani, kamaliza shida zake. Jamaa akamwambia, "Dada'angu, nisaidie hiyo yako nipite." Dada akaivua palepale, akampa. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma, nimeona kwa macho yangu: ndani ina alama nyekundu ya rangi ya mdomo, na pale penye pua imelowana. Jamaa akaikung'uta pajani mara mbili, kama mtu anayekung'uta kofia yenye vumbi, akaivaa. Mlinzi: "Haya, pita mzee."

Nilidhani ni yeye peke yake. Yule dogo muuzaji akanicheka. Anasema biashara yake inakufa kwa sababu watu wanapokezana, anayetoka anamwachia anayeingia, na wapo vijana wanaokodisha kwa mia mbili, ukitoka unarudisha. Barakoa moja inaanza zamu asubuhi, mpaka adhuhuri ishaona vinywa vya ukoo mzima.

Jamani. Zile za bluu ni za kuvaa mara moja, unatupa. Na kazi yake kubwa ni kuzuia mate na pumzi yako wewe yasimfikie mwenzako, maana mtu anaweza kuambukiza siku mbili nzima kabla hajakohoa hata mara moja. Sasa wewe unachukua kitu kilichokusanya mate ya mtu aliyetoka kukaa na wagonjwa, unakibandika puani na kuvuta pumzi humo. Mimi naamini barakoa, nazitetea mpaka kwenye vikao vya harusi, lakini kwa mtindo huu nasema bora huyo jamaa angeingia kavu.

Tuje kwenye ndoo. Ndoo ipo, nyeupe, ya koki, imekaa kwenye stuli kama mgeni rasmi. Mama kanyoosha mikono, nimefungua koki: tone moja, basi. Sabuni ni chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kizibo, ndani kuna maji yenye kumbukumbu ya povu. Nikamwambia mlinzi maji hayatoki. Jibu lake, na naapa sijaongeza chumvi: "We pitisha tu mikono, bosi." Nipitishe mikono! Kunawa kunatakiwa sekunde 20 kwa maji na sabuni, sisi tunafanya ishara kama padri. Akatupulizia na "vitakasa mikono". Nimefanya kazi duka la dawa miaka minne, harufu ya spiriti naijua. Chini ya asilimia 60 ya alkoholi hicho si kitakasa mikono, na kile hakikuwa na harufu hata ya bahati mbaya. Kiganja kilichukua muda kukauka kama nimetoka kuosha vyombo.

Ndani sasa. Mabenchi yamejaa, tumebanana bega kwa bega, madirisha ya upande mmoja yamefungwa kwa sababu kuna mzee anasikia baridi. Agosti, Dar es Salaam, baridi! Nesi akija kuita majina anashusha barakoa ndiyo aite. Sijui nani alitufundisha hii, kwamba ukinyamaza unaivaa na ukitaka kuongea unaishusha. Wakati wa kuongea ndio mate yanaruka! Dirisha la malipo nako, mhasibu analamba kidole, anahesabu noti, anakupa chenji, analamba tena. Nilipokea ile chenji kwa ncha za vidole kama nimeshika kaa la moto.

Daladala ya kurudi sina hata haja ya kusimulia, mnazipanda wenyewe. Konda barakoa kaivaa kwenye kiwiko. "Sogeeni nyuma kweupe!" Nyuma kweupe wapi, na watu wananing'inia? Ile level seat ya mwaka jana, abiria wote wamekaa hakuna wa kusimama, iliishia wapi?

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu tuliwahi kuweza. Mwezi wa tatu 2020, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa kule Arusha, mji huu kila mlango ulikuwa na ndoo, mpaka dukani kwa Mangi. Na ilikuwa na maji. Mama alikata kitenge chake cha kipaimara cha mjukuu akashona barakoa za nyumba nzima, tabaka tatu, tunafua jioni tunapiga pasi. Halafu takwimu zikakwama kwenye wagonjwa 509, tukaambiwa imekwisha, ndoo zikarudi kufulia. Sasa Rais Samia kachanjwa hadharani Ikulu tarehe 28 Julai 2021, kila kiongozi anasema tuchukue tahadhari, na sisi tumezirudisha ndoo mlangoni bila kukumbuka kurudisha maji.

Yule anayesema wazi haamini corona simchukii. Najua nikimwona nikae naye mbali. Ninayemchukia ni huu utaratibu wa kuigiza, unaomfanya mama yangu adhani amekaa katikati ya watu waliojikinga.

Najua watakaokuja. Wa "leta picha": getini picha haziruhusiwi, hilo walinzi wanalisimamia vizuri sana. Wa kujifukiza na malimao: fukizeni, lakini nawaneni pia. Wa kusema mimi mjuaji: kweli, na niseme na langu, hata mimi kuna barakoa ya bluu imekaa kwenye begi langu tangu Ijumaa na nimeivaa mara tatu. Nimeitupa baada ya kumwona yule jamaa.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu mmoja wa kujaza ndoo saa moja na saa sita. Barakoa ziuzwe getini na hospitali yenyewe kwa bei ya kununulia, asiye na kitu apewe. Pipa lenye mfuniko pale kwenye kutokea, ukitoka unatupa mle, hakuna kumwachia mtu. Madirisha yafunguliwe, huyo mzee apewe shuka.

Leo asubuhi nimerudi peke yangu kuchukua majibu ya mama. Stuli ipo, ndoo haipo. Nikamuuliza mlinzi. Akasema imepelekwa kule jengo la utawala, kuna wageni wanakuja kukagua. Nimepita kule makusudi nikachungulia. Imejaa maji mpaka juu, na pembeni kuna sabuni mpya ya pinki.