Mgodi wa kinywe (madini ya grafiti) ukija kijijini, maji ya visima apime nani?

Wana Kusini habari zenu, naomba tujadili hili bila kutukanana. Kwenye mkutano wa kijiji huku Ruangwa mzee mmoja aliuliza, kisima kikikauka baada ya mgodi kuanza tutathibitishaje kwamba ni mgodi? Akajibiwa kampuni ina wataalamu wake, watapima na ripoti zitaenda serikalini, watu wakapiga makofi wakatawanyika. Mimi jibu hilo silikubali. Vipimo vianze kabla shimo halijachimbwa na nakala ibaki kijijini.

Shimo likishuka chini ya usawa wa maji, maji ya pembeni yote yanakimbilia humo, inabidi wayapampu nje usiku na mchana ndo watu wafanye kazi, na wakipampu usawa wa maji unashuka eneo zima, karibu na shimo unashuka sana, ukizidi kwenda mbali unashuka kidogo. Wa kwanza kuumia ni sisi wenye visima vifupi vya kuchimba kwa mkono. Sasa huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Disemba inakata Aprili, Mei, kwa hiyo kila mwaka visima vinashuka vyenyewe, ikifika Oktoba watu wanachota matope. Ukianza kupima mgodi umeshaanza utaambiwa hicho ni kiangazi tu na huna cha kujibu. Ila ukiwa na vipimo vya masika na kiangazi vya mwaka mmoja au miwili ya nyuma, pamoja na kisima cha mbali ambacho mgodi haukifikii, unalinganisha. Vikishuka vyote sawa ni ukame, cha karibu kikishuka peke yake hapo tuongee.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine ya gharama. Tepu yenye uzito mwishoni, unaipaka chaki sehemu ya chini, unaishusha mpaka izame kidogo, ukiivuta unaona chaki ilipolowa, unatoa urefu uliolowa kwenye urefu wote ulioshusha, unaandika. Pa kupimia piga alama ya rangi kwenye zege, kila mtu apime kutoka palepale. Na iwe alfajiri kabla akina mama hawajaanza kuchota maana kisima kilichotoka kuchotwa kinadanganya.

Mdau wa Nachingwea: Ndugu yangu unatisha watu bure. Sheria ya Mazingira ya 2004 si inataka tathmini ya athari za mazingira kabla ya mradi? NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ipo, Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo hapo Mtwara. Kila mtu akija na tepu yake tutapata namba kumi za kisima kimoja. Vijana wanataka kazi, wamechoka kusubiri msimu wa korosho.

Mleta mada: Kaka, hizo ajira hata mdogo wangu anazisubiri, sipingi mgodi. Lakini tathmini hufanyika kabla, mgodi unakaa miaka. Na bonde hilo ni kubwa mno, mtu wa Bodi hawezi kuwa kisimani kwetu kila wiki. Namba kumi hazitakuwepo kama vijana wawili wamefundishwa na Bodi yenyewe, alama ni moja, daftari ni moja na karatasi inabandikwa ofisi ya kijiji kila mwezi. Kampuni nayo ipime, tulinganishe.

Dada wa Mtwara mjini: Niongeze kidogo. Makaa ya mawe yanayopita huku kwenda bandarini toka mgodi wa Ngaka yanachimbwa juu, shimo unaliona. Migodi ya chini ya ardhi, kama ule wa Kiwira, ni habari nyingine, makaa yakitolewa dari linaweza kushuka, miamba ikapasuka kwenda juu na maji ya tabaka la juu yakazama, kisima kinakauka na juu ya ardhi huoni shimo lolote. Halafu siku mgodi ukifungwa pampu zinazimwa, maji yanaanza kupanda, saa nyingine yana kutu na asidi. Je nyie mmeuliza nani atapima baada ya kufunga?

Mleta mada: Hatukuuliza dada, na hilo ndo linaingia kwenye muhtasari wa mkutano ujao, kupima kuendelee baada ya kufungwa na hela yake itengwe mgodi ukiwa bado unaingiza. Mliopo jirani na machimbo yaliyokwishaanza, vipimo vya kabla mnavyo? Na kama kuna mtu wa Bodi humu atuambie kijiji kinaandika barua kwa nani kuomba hayo mafunzo.