Walimu wa IELTS hapa Lamu, mtatukaririsha uongo wa baiskeli hadi lini?

Wadau, naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nipoe kwanza. Kuna mwalimu hapa kisiwani, jina silitaji, anayejiita bingwa wa IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Wateja wake wengi ni wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Kiingereza hafundishi. Anagawa karatasi za majibu, watu wanakariri, halafu anawatuma Mombasa kwenye mtihani wakaumbuke.

Karatasi iliyonichefua ni ya baiskeli. Dadangu alirudi nayo, nikaisoma mwenyewe. Ati mimi ni mpenzi mkubwa wa baiskeli, kila Jumamosi naendesha kando ya mto na rafiki zangu, mji wetu una njia maalumu za baiskeli na zimepunguza sana msongamano wa magari.

Mto gani, bwana? Msongamano gani? Hapa magari yanaishia jeti ya Mokowe, ng'ambo ya maji! Mji wa kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake vinajulikana dunia nzima. Ukisikia "simila!" nyuma yako unajibana ukutani, punda anapita na shogi lake limejaa mchanga linakukwaruza kiwiko, mfereji uko pale chini ya miguu yako. Hiyo baiskeli utaipitisha wapi? Utaibeba kichwani? Na ukitaka kwenda nayo Shela, maji yakijaa utaiendesha juu ya mawimbi.

Sasa sikieni yaliyomkuta dadangu. Mtihani wa kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, unakaa na mtahini mmoja na mazungumzo yanarekodiwa. Dakika nne au tano za mwanzo ni maswali ya mambo ya kawaida: kwenu, kazi yako, chakula, hobi. Kwake ikatoka baiskeli. Mwanzoni dadangu akafurahi, akadhani Mungu kamfungulia. Akaulizwa kama watu wengi wa mji wao wanaendesha baiskeli. Akaanza kumimina karatasi, mto, Jumamosi, njia maalumu. Mtahini akamwacha kidogo, halafu akauliza neno moja tu: kwa nini?

Karatasi haikuwa na kwa nini.

Akanyamaza. Akarudia sentensi ya mto. Mtahini akamkatiza kwa upole, akaenda swali jingine, na kuanzia hapo mtoto wa watu akawa anatetemeka, hata kadi ya mada ya sehemu ya pili, ile unayopewa dakika moja ya kujiandaa kisha uongee dakika moja hadi mbili, aliishia njiani. Matokeo: kuzungumza 6. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linataka 7 kwenye kuzungumza, kusoma na kusikiliza, na 6.5 kwenye kuandika. Hayo matatu mengine aliyapata yote. Kilichomwangusha ni mdomo, na huyu dada nawaambia ni msemaji kweli. Wodini anawatafsiria watalii wanaoanguka kwenye mashua, wanacheka naye hadi wanasahau mshono.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu alikuwa nalo. Kabla ya darasa lile tulikuwa tukifanya mazoezi barazani kwetu. Nilimuuliza hilohilo la baiskeli, akanijibu kwa Kiingereza chake mwenyewe kwamba baiskeli hajawahi kumiliki, utotoni alikuwa akipanda punda wa babu, kwamba punda yule alikuwa akijua njia ya nyumbani kuliko yeye, na kwamba siku hizi mgonjwa akizidiwa anasukumwa kwa mkokoteni hadi ufukweni penye mashua. Alisimulia huku anacheka, mikono hewani. Mwalimu alipoyasikia akamwambia aache mambo ya punda, wazungu watamwona mshamba.

Huo ndio ujinga ninaoulalamikia. Mtahini hakupi alama kwa kumiliki baiskeli! Vigezo viko vinne na vina uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa maneno, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna cha tano kinachouliza kama maoni yako ni ya kistaarabu au kama mtaa wenu una lami. Ukisema "hapana, sijawahi kuendesha, kwetu haifai kwa sababu hii na hii," umeshajibu, na hapo hapo umeonyesha unaweza kueleza sababu, kulinganisha zamani na sasa, kutaja vitu kwa majina yake. Maneno ya kukariri watahini wanayajua. Sauti inabadilika, macho yanapanda darini, halafu swali dogo la pembeni linakuumbua. Na sehemu ya tatu ndiyo kabisa huwezi kuikariri, kwa sababu pale mtahini anafuata ulichosema na kukichimba. Ukiwa umesema uongo, unachimbwa ndani ya uongo wako mwenyewe.

Nilimpigia mwalimu. Nilikuwa na adabu, nilimwamkia vizuri. Jibu lake: "Dada yako hakuikariri sawasawa." Wallahi hivyo hivyo! Kisha akanieleza kwamba ana karatasi mpya, toleo la mwaka huu, na kwa kuwa sisi ni wateja wa zamani atatupunguzia.

Najua watakuja wa kumtetea. Watasema fulani alipita, yuko Leeds sasa hivi anatuma pesa. Huyo fulani alisoma Mombasa tangu sekondari, angepita hata akifundishwa na punda mwenyewe. Wengine watasema mtihani ndio mbaya, kwa nini kumuuliza mtu wa Lamu habari za baiskeli. Hilo nalo lina ukweli kidogo, lakini mtu wa Malindi akiulizwa habari za theluji si anasema tu hajaiona? Swali linataka usikike ukiongea, basi.

Wenye mtihani karibuni, tafadhali: kama umepewa karatasi inayosema unaishi mji wenye mto na treni ya chini ya ardhi, ichane. Kaa na mtu anayejua Kiingereza, akuulize, akukatize, akuulize kwa nini kila mara, hadi uchoke naye. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Bure kabisa.

Na waliopitia darasa hilo, semeni hapa chini mlipewa karatasi gani. Nasikia ipo pia ya "bustani ninayoipenda" na wote wanapenda bustani moja ya London. Nataka tuziweke pamoja tuone ni watu wangapi wa Lamu wanaotembea bustani hiyo kila Jumapili.

Mwalimu, najua unapita humu kimyakimya. Ada ya shilingi 12,000 ilitoka kwenye simu yangu kwa M-Pesa. Namba unayo, sijaibadilisha.