UKOO WA BABU – BUFFALO (watu 23)

*Jumatano, 16 Julai 2025*

18:52 Bahati: Ndugu zangu habari za jioni. Ratiba imetoka!! Sabres, timu yetu ya hoki ya barafu, wanafungua nyumbani Alhamisi tarehe 9 Oktoba na Rangers. Safari hii twende kama ukoo, viti 12 mstari mmoja. Kiti dola 55. Hela inatakiwa Ijumaa HII saa kumi na mbili jioni.

18:53 Bahati: Jina na idadi:
1. Bahati (2)
2.
3.

19:20 Bahati: Tiki za bluu naziona jamani. 17 mmesoma.

19:31 Furaha Dallas: 🤣🤣 Julai hii! Watu wanalala na feni wewe unawaza barafu

19:32 Bahati: Wewe wa Dallas nyamaza. 1999 mlichukua kombe kwa bao la mguu ndani ya boksi la kipa. Mpaka leo halijakubalika huku

19:33 Furaha Dallas: 1999 mimi nilikuwa kambi ya wakimbizi Nyarugusu kwenye foleni ya maji. Usiniingize

19:40 Mama Shukuru: Bahati, kabla ya viti. Dola 240 za gari.

19:41 Bahati: Dada hilo si tulishaongea

19:41 Mama Shukuru: Tuliongea. Sijalipwa.

19:44 Bahati: Tusichanganye mambo. Turudi kwenye timu. Mwaka huu usajili umetulia. Tumepata Kesselring, beki mrefu, na Doan, mtoto wa yule Shane Doan. McLeod kasaini miaka 4. Byram kabaki. Dahlin nahodha yupo, Thompson yupo na mabao yake 44. Kocha ni Lindy Ruff yule yule wa zamani, yaani mtu wa mwisho kutufikisha mtoano. Na kwenye drafti, ile ya timu kuchagua vijana wapya, namba 9 tumechukua dogo wa Kicheki, karibu mita 2, anaitwa Mrtka

19:47 Shangazi Rehema: Mrtka. Hilo ni jina au paswedi ya waifai?

19:47 Furaha Dallas: 😂😂😂😂

19:48 Shangazi Rehema: Kwetu angeitwa Muritika, apewe na shamba la mihogo

19:50 Shukuru: Mjomba na Peterka je

19:50 Bahati: Msaliti. Asitajwe humu

19:51 Shukuru: Mabao 27 mjomba. Kesselring na Doan tumewapata kwa kumtoa yeye kwenda Utah. Na jezi yake umeninunulia wewe Krismasi

19:52 Mama Shukuru: Kabla ya hiyo alimnunulia ya Cozens. Machi Cozens huyo Ottawa. Kabla ya Cozens ilikuwa Eichel.

19:53 Furaha Dallas: Bahati akishika jezi yako dukani, wewe funga mizigo tu

19:55 Shangazi Rehema: Na wakitoka kwetu wanapona! O'Reilly kaondoka, 2019 kombe. Eichel 2023. Reinhart mwaka jana, na mwezi uliopita tena, mechi ya mwisho katia manne peke yake. Sisi ndio zahanati, mtu akipata nafuu anakwenda kuolea kwingine

19:56 Bahati: Shangazi jamani

19:58 Shangazi Rehema: Yule meneja wao Desemba si alisema wachezaji hawaji Buffalo kwa sababu hatuna mitende na kodi ya New York iko juu? Nimecheka peke yangu jikoni. Kwetu Baraka, Kongo, michikichi imeshuka mpaka ziwani, ligi ya hoki iko wapi?

19:59 Furaha Dallas: Na kodi hakuna anayelipa 🤣

20:01 Shangazi Rehema: Halafu mawese ya lile duka la Grant Street yamechakachuliwa, yananuka sabuni. Nani ana mawese ya kweli?

20:02 Mama Esta: Mimi ninayo galoni mbili shangazi, njoo inbox

20:03 Mama Furaha: Mimi pia nataka

20:03 Bahati: JAMANI VITI

20:15 Mama Shukuru: Viti vya nini wakati gari la kutupeleka ndilo lile lile. Nani alisema "paki hapo hapo dada, siku ya theluji hawavuti gari"?

20:16 Bahati: Kibao kilikuwa kimefunikwa na theluji!

20:16 Mama Shukuru: Saa sita usiku, watoto wanne, tunatembea kwa miguu. Na tulifungwa. Ilikuwa ile Desemba ya mechi 13 bila kushinda, na bado ukasema "leo naona dalili".

20:18 Furaha Dallas: Naona dalili 😭😭

20:41 Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:47)

20:43 Shangazi Rehema: Niko kazini siwezi kusikiliza. Shukuru andika Babu kasema nini. Yote, usikate.

20:58 Shukuru: Babu anasema amewasikia wote. Anasema yule kijana Mjerumani, Peterka, msimwite msaliti. Anasema mimi nimehama Baraka 1996 usiku, nimehama Nyarugusu, na hapa hapa nimehama West Ferry kwa sababu ya panya. Mkataba wa mtu ukiisha anatafuta pa kulala.

Anasema Aprili 2011 tulikuwa na miezi mitano hapa. Yule mama wa nyumba ya chini akatuita tuangalie kwake. Mechi ya saba, Philadelphia, tano kwa mbili. Yule mama alikuwa analia huku anatukatia keki. Anasema sheria za mchezo nilikuwa sijui hata moja, lakini matanga nayajua. Nikakaa naye mpaka taa zikazimwa. Tangu siku hiyo ni timu yangu.

Anasema Shukuru kazaliwa Juni mwaka ule ule. Ana miaka 14 na hajaona mtoano hata mmoja.

Anasema mkinipeleka nitakwenda. Lakini sipandi gari la mtu ambaye hajalipwa. Basi.

21:36 Mama Esta: 🙏

22:04 Bahati: Shikamoo Babu. Nimesikia.

23:12 Baba Mdogo Kasulu: Ndio naamka huku. Shikamoo kaka mkubwa. Nimesoma yote. Swali: miaka 14 hawafuzu na hawashuki daraja???

23:15 Shukuru: Hawashuki babu mdogo. Ukishika mkia ndio unapewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora. Dahlin tulimpata hivyo 2018, Power 2021

23:16 Baba Mdogo Kasulu: Hee. Nchi ya neema. Bahati nitumie vocha

*Alhamisi, 17 Julai 2025*

07:05 Bahati: Dada nimekutumia 100.

07:40 Mama Shukuru: Nimeona. Bado 140.

12:10 Bahati: Orodha:
1. Bahati (2)
2. Mama Esta (2)
3. Shangazi Rehema (1, labda)
4. Shukuru (1)

12:26 Shangazi Rehema: Labda yangu ni kwa sababu Alhamisi ni kwaya. Ongea na mwalimu wa kwaya wewe, mimi siwezi kumwambia naenda barafuni

17:50 Shukuru: [picha]

17:51 Shukuru: Mjomba nimeanza kubandua jina la PETERKA kwenye jezi kwa pasi na kisu cha siagi. Nimetoa R, K na A, hizo nyingine zimegoma

17:52 Furaha Dallas: Subiri. Imebaki PETE??? 😂😂😂😂

17:53 Shangazi Rehema: Jamani nimekaa chini. PETE! Hiyo hiyo, usiiguse tena

17:53 Furaha Dallas: Ndiyo wanayovishwa wakichukua kombe, wakishaondoka Buffalo

17:55 Mama Shukuru: Pasi yangu sasa ina gundi.

*Ijumaa, 18 Julai 2025*

16:30 Bahati: Saa moja na nusu imebaki. Viti 6 kati ya 12, na kiti cha Babu hakimo kwenye orodha. Nani analipia kiti cha Babu?

17:15 Bahati: ?

17:22 Mama Shukuru: Cha Babu nalipa mimi. Ukate kwenye ile 140, ibaki 85. Na jina lake uandike la kwanza.

17:23 Bahati: Asante dada ❤️

17:23 Mama Shukuru: Sijasema gari.

18:20 Bahati: Wamekubali kushikilia viti 8 mpaka Jumatatu. Bado kimoja. Vinne vimekwenda

21:47 Amisi: Jamani nilikuwa zamu za usiku, meseji 96. Mimi niwekeeni 3. Mechi ya lini?