Harmondsworth: wanakijiji wapishe ranwei ya tatu ya Heathrow au wabaki? Tujadili

Bint Tanga:
Habari zenu wandugu. Naishi Harmondsworth, kile kijiji kilicho kaskazini ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ukishavuka Bath Road tu umefika. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwaka wa saba huu. Tangu serikali itangaze Januari 2025 kwamba inaiunga mkono ranwei ya tatu huku kwetu hakuna maongezi mengine, ukienda dukani ni hilo, ukipita nje ya kanisa ni hilo. Ramani ikibaki ilivyo, kijiji jirani cha Longford kinafutwa chote, Harmondsworth inaliwa kipande kikubwa, nyumba kwa jumla mia saba na kitu, na Sipson, kijiji kingine jirani, inabaki ila uzio wa uwanja unakuja kusimama mlangoni kwa watu.

Mimi siulizi kama ndege ni nzuri au mbaya. Nauliza, ni haki watu kuwekwa hivi zaidi ya miaka 20? 2003 waliambiwa huenda ikaja. 2009 wakaambiwa Sipson nzima inaondoka. 2010 serikali ikabadilika, wakaambiwa haipo tena. 2018 Bunge likapitisha. 2020 mahakama ya rufaa ikasema haramu, kabla mwaka haujaisha mahakama ya juu ikasema halali. Ikaja korona kimya, na sasa imerudi. Bibi alitaka kubadili madirisha 2016, mpaka leo hajabadili, baridi inaingia anaziba na mataulo, kwa sababu hajui anatengenezea nyumba au kifusi. Hebu nipeni mawazo yenu.

Kipanga wa Ilala:
Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka jambo moja kubwa. Hao watu wanalipwa bei ya soko halafu wanaongezewa asilimia 25 juu na gharama za kuhama wanalipiwa. Asilimia 125! Huku tungeshafunga virago usiku huo huo. Wanataka nini tena? Halafu kitu kinachonishangaza ni nyie wabeba boksi mlioenda huko kutafuta maisha mnakaa mnalilia kijiji cha wazungu badala ya kulilia kwenu.

Mzigo Mzito:
Kipanga ngoja kwanza. Hilo la boksi umemwambia nani? Mimi nipo Hounslow, nafanya kazi uwanjani hapo hapo Heathrow, napakia mizigo kwenye ndege, usiku, mvua, barafu. Ndiyo, nabeba boksi, na masanduku, na hata majeneza nabeba, maiti za watu wenu zinazorudishwa nyumbani mikono yangu ndiyo inazipandisha. Boksi hilo limesomesha wadogo zangu wanne. Usinizoee.

Kipanga wa Ilala:
Sikukutaja wewe mkuu, mbona unajishtukia. Nimesema kwa ujumla.

Mzigo Mzito:
Kwa ujumla ndiyo mimi humo humo. Usirudi nyuma.

Mtu wa Ngara:
Wacheni hizo mambo za boksi turudi kwa mada. Mimi niko Reading, na kusema ukweli naunga mkono ranwei. Uwanja mkubwa hivyo, abiria karibu milioni 84 kwa mwaka 2024, na ranwei ni mbili tu, ndege ikichelewa asubuhi siku nzima inavurugika kwa sababu hakuna nafasi ya kupumua. Wamewekewa kikomo cha safari 480,000 kwa mwaka na wako hapo hapo juu ya mstari. Na kijana wangu anatafuta kazi mwaka wa pili huu. Kama ni nyumba mia saba kwa ajili ya maelfu ya kazi mimi nasema ijengwe, na walipwe vizuri.

Mama Nasra:
Mtu wa Ngara unasema hivyo kwa sababu nyumba si yako. Mimi niko Hayes, wanangu walisoma na watoto wa Sipson. Nakumbuka kile kijiji kabla ya 2009 na nakijua baada. Uwanja ulianza kununua nyumba za watu waliokubali kuuza, moja moja, halafu zikapangishwa kwa watu wa kukaa mwaka mmoja miwili na kuondoka. Waliokuwa wakijuana kwa majina wakaisha. Mpango ukafutwa 2010, hakuna hata tofali lililobomolewa, lakini wale watu hawakurudi. Kijiji kilishahama chenyewe. Bint Tanga ameuliza swali hilo hilo na hakuna aliyemjibu mpaka sasa.

Mtu wa Ngara:
Mama nakuheshimu lakini hiyo ya "nyumba si yako" ni maneno ya kunifungia mdomo. Kwani nyumba ni yako?

Mama Nasra:
Si yangu. Majirani walikuwa wangu.

Fundi Bomba:
Ila wandugu tuulizane, Harmondsworth ni kijiji kweli? Ipo ndani ya manispaa ya Hillingdon, ni London ile, basi jekundu linafika. Naona wanatumia neno kijiji ili tuwaonee huruma. Kijiji ni mashamba na ng'ombe.

Bint Tanga:
Kaka Fundi njoo uone. Kuna uwanja wa majani katikati, kanisa la St Mary's, baa mbili zinatazamana na nyumba za matofali za zamani, na nyuma ya kanisa lipo lile Ghala Kuu. Limejengwa 1426 hadi 1427 la kuhifadhia mavuno, mbao tupu za mwaloni, urefu wake karibu mita 60, na mbao nyingi ni zile zile za siku ya kwanza. Jumapili kadhaa za kiangazi linafunguliwa bure. Ukiingia ukitazama juu unaona miti imepandana kama mbavu za jahazi kubwa lililopinduliwa. Nilimpeleka mama yangu alipokuja kunitembelea, akakaa chini kimya muda mrefu halafu akasema haya ni mafundi.

Kipanga wa Ilala:
Ghala la nafaka?? Yaani maendeleo ya nchi yasimame kwa ajili ya ghala la nafaka? Basi na kihenge cha babu yangu Dodoma kiwekewe walinzi.

Bint Tanga:
Sijasema ujenzi usimame kwa ajili ya ghala. Kwenye ramani hii ya sasa ghala halibomolewi wala kanisa halibomolewi, vinabaki, mpaka wa uwanja unapita karibu yake. Nimelitaja kwa sababu Fundi Bomba amesema si kijiji. Na kihenge cha babu yako ndiyo, kilindwe, kwa nini kisilindwe?

Bahari Nyeupe:
Hapo Bint Tanga umesema neno. Mimi wa Lamu. Tatizo letu ni kuona cha kwetu hakistahili na cha wenzetu kikilindwa tunakasirika. Hilo ghala lilikuwa limeachwa hivi hivi, mikononi mwa kampuni moja, linavuja paa, mpaka wale watu wa urithi wa kale, English Heritage, wakalinunua kwa pauni 20,000 tu. Bei ya gari. Wanakijiji ndio waliokuwa wakilipigania miaka yote hiyo. Sasa ghala libaki halafu waliolipigania waondoke, atalitunza nani? Litabaki kama jino moja kinywani.

Kipanga wa Ilala:
Ninyi wa mwambao kila kitu kwenu ni urithi, hata choo kikiwa na miaka hamsini mnakikataza kuvunjwa, ndiyo maana miji yenu imelala.

Bahari Nyeupe:
Huo ni utovu wa adabu. Umeshafika Lamu wewe? Au umeiona kwenye simu?

Mzigo Mzito:
Mwacheni, huyo ndiye huyo huyo wa boksi. Anatukana mmoja mmoja kwa zamu.

Mzee Kombo:
Vijana punguzeni moto. Mimi niko Slough tangu 1979, niwape historia kidogo. Hata huo uwanja wenyewe umekaa juu ya kijiji. Palikuwa na kitongoji kinaitwa Heath Row, maneno mawili, na ardhi yake ilikuwa ya mboga na matunda, ndiyo iliyokuwa inalisha masoko ya London. 1944 serikali ikachukua kwa nguvu za sheria za vita, ikisema ni kwa ajili ya ndege za kijeshi. Vita vikaisha, 1946 ndege za abiria zikaanza, abiria wanasubiri kwenye mahema. Baadaye naibu waziri wa mambo ya anga wa wakati ule, Harold Balfour, akaandika kwa mkono wake kwamba tangu mwanzo nia ilikuwa uwanja wa kiraia, habari ya vita ilitumika ili kukwepa mabishano marefu. Watu wa Harmondsworth wanalijua hilo kwa wazee wao. Ndiyo maana ukiwaambia mara hii ni ya mwisho hawakuamini, na mimi siwalaumu.

Fundi Bomba:
Mzee shikamoo. Hili nilikuwa silijui kabisa. Basi neno langu la kijiji nalirudisha.

Mzee Kombo:
Marahaba.

Mtu wa Ngara:
Historia ni sawa mzee, lakini leo Bunge lao limechagua. 2018 walipiga kura, na sehemu kubwa ya wabunge ilikubali.

Fundi Bomba:
415 kwa 119, tarehe 25 Juni. Na siku hiyo Boris Johnson, mbunge wa Uxbridge hapo jirani, aliyeahidi atalala chini mbele ya matingatinga, alikuwa Afghanistan. Yaani kura inapigwa yeye yuko Kabul. John McDonnell ambaye hivi vijiji viko kwenye jimbo lake amesimama palepale kuipinga ranwei tangu aingie bungeni 1997, umpende usimpende.

Mtu wa Ngara:
Sasa umeingiza siasa.

Fundi Bomba:
Kwani uliyoianza wewe ya Bunge ni mapishi? Na hizo kazi unazosema ziangalie vizuri. Mpango mzima na majengo yake, na M25, ile barabara kuu inayoizunguka London, kupitishwa chini ya ranwei, wenyewe wametaja pauni bilioni 49. Wanasema ni fedha za wawekezaji siyo za serikali. Sawa, lakini mwekezaji hatoi sadaka, mashirika ya ndege yenyewe yanalalamika kwamba ada zitapanda, na ada ikipanda inaingia kwenye tiketi yako ya Nairobi. Na wenye hisa kubwa ni Wafaransa na mifuko ya Qatar na Saudia, faida haibaki Hillingdon.

Mtu wa Ngara:
Tiketi tayari iko juu, labda nafasi zikiongezeka itashuka. Hiyo ndiyo hesabu yangu.

Mama Nasra:
Na kelele mmeziweka kwenye hesabu? Dada yangu yuko Hounslow chini ya njia ya kutua. Ndege ya kwanza saa kumi na nusu alfajiri, kabla hata ya adhana. Anachoshukuru ni kwamba saa tisa alasiri wanabadilisha ranwei, nusu ya siku anapumzika. Zikiwa tatu, hiyo zamu ya kupumzika itakuwaje?

Mzigo Mzito:
Mama mimi ndiye ninayeipokea hiyo ndege ya saa kumi na nusu. Sioni aibu kusema nimegawanyika. Kazi yangu ipo pale, ranwei ikijengwa shifti zinaongezeka. Lakini napita Longford kwa basi 81 alfajiri nikirudi, naona mzee mmoja anamwagilia maua mbele ya nyumba ambayo kwenye ramani haipo tena. Kila nikimwona nashindwa kuipenda hiyo shifti ya ziada. Kipanga, haya ndiyo mawazo ya mbeba boksi.

Kipanga wa Ilala:
Mzigo Mzito basi yaishe, nimeona neno limekuuma. Ila nisikilizeni na mimi, msidhani ninaongea kwa wivu. Mtaa wetu hapa Dar tulifanyiwa tathmini nikiwa darasa la tano. Nyumba ikapigwa X nyekundu. Baba akaambiwa asijenge, asiongeze chumba, asipande hata mti wa kudumu. Baba amefariki X ipo ukutani. Sasa nikisikia mtu anapewa asilimia 125 na bado analalamika damu inachemka. Ni hivyo tu.

Bint Tanga:
Pole sana kaka. Sasa si ndiyo hicho nilichouliza mwanzo kabisa? Hiyo X ya baba yako na madirisha ya bibi.

Kipanga wa Ilala:
Hapana haifanani. Yeye ana hela inamngoja, baba hakuwa nayo. Usinifananishie.

Bahari Nyeupe:
Inafanana.

Kipanga wa Ilala:
Wewe nilishamalizana na wewe.

Mama Nasra:
Bint Tanga swali la pembeni, hiyo asilimia 125 kila siku naisikia kwa mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Wewe mpangaji wa chumba unapata nini? Maana Sipson na Harmondsworth wamejaa wapangaji, wengi wa uwanjani hapo hapo, wasafishaji, madereva, na chumba cha bei hiyo Hayes siku hizi hupati.

Bint Tanga:
Dada sijawahi kuliuliza hilo kwa sauti. Bibi akiondoka na mimi naondoka, sina karatasi yoyote zaidi ya makubaliano yetu ya mdomo. Ana jamaa zake Devon, mimi sina wa kwenda kwake.

Mzigo Mzito:
Andikishianeni leo leo, hata ukurasa mmoja, tarehe na sahihi. Kwenye gari letu la shifti tupo sita, wanne tunaishi hivyo hivyo bila karatasi.

Mtu wa Ngara:
Hilo kweli sikulifikiria. Wapangaji ni wangapi kwa jumla, kuna anayejua?

Mama Nasra:
Kesho napita kwa dada mmoja Sipson aliyehifadhi makaratasi yote ya mikutano tangu 2009, yamejaa sanduku zima. Nitatafuta kama wapangaji wametajwa popote. Bint Tanga kama huna shifti njoo, tutasoma pamoja.

Bint Tanga:
Nitakuja saa nne. Naweza kuja na bibi? Ameniuliza naandika nini muda wote huu kwenye simu, nimemwambia ni habari ya nyumba yake.